Mjomba Hagongwi

Dada yangu hupiga simu asubuhi mapema, saa ambazo anaamini waandishi wa vitabu bado wamelala. Siku hiyo alinikuta nimeketi mlangoni na kikombe cha chai, nikitazama ukungu ukiteremka kutoka upande wa Mlima Elgon na kujilaza juu ya mahindi, nikitafuta neno la kuueleza.

"Uko kazi?" akauliza.

"Niko. Naandika."

"Aa, basi una nafasi. Msichana anakuja huko Kitale, atakaa likizo yote. Mwalimu amesema abadilishe mkono. Si wewe ulicheza hiyo mpira ya gongo?"

Msichana huyo ni bintiye, mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule moja ya wasichana upande wa Sirisia. Tangu kidato cha kwanza alikuwa mrushaji wa timu yao ya softiboli. Katika mchezo huo mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpinzani mpira kwa mkono unaotokea chini. Mpinzani ana gongo, na nyuma yake huchuchumaa mdakaji mwenye glovu kubwa. Timu ikiwa na mrushaji dhaifu, wengine wote hukimbia bure kwenye jua kali. Mimi nilikuwa mdakaji nilipokuwa shuleni Bungoma, na magoti yangu hayajasahau.

Mpwa wangu alifika na begi mgongoni, na kabla hajalitua akaanza kunieleza shida yake. Kwa miaka yote alirusha kwa mtindo wa bembea: mkono unarudi nyuma, unakuja mbele, mpira unatoka. Sasa timu za wapinzani zilikuwa zimemsoma. Mwalimu mpya wa michezo alitaka mzunguko kamili, yaani mkono uinuke mbele, upite juu ya kichwa, ushuke nyuma, na mpira uachiliwe kando ya paja kwa kasi. Wasichana waliuita mtindo huo feni. Shule zikifunguliwa tu, timu ingeenda Bungoma kwa majaribio. Atakayeweza feni atarusha. Atakayeshindwa atapelekwa uwanja wa nyuma.

"Na kule nyuma, khocha," akasema, "mpira unafika mara moja kwa muhula. Unasimama tu kama ile sanamu ya kufukuza ndege."

Khocha ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita kaka ya mama. Alilitamka bila kulitua begi, nikaona kwamba msichana huyu hakuwa na hofu ya kushindwa mechi. Alihofia kuondolewa mahali pekee duniani ambapo watu wote hunyamaza wakimngoja yeye.

"Utarusha feni," nikamwambia, kwa uhakika ambao sikujua nimeutoa wapi.

Siku za kwanza mpira ulikwenda kila mahali isipokuwa mbele. Akiuachilia mapema unagonga ardhi na kuruka kama panzi, akichelewa unapaa. Mara kadhaa uliponyoka mkono ukiwa bado juu, ukarudi nyuma, ukatua kwenye mabati ya nyumba yangu kwa kishindo kilichowatawanya kuku. Ukivuka ua wa michongoma ulikuwa umeingia kwa jirani yangu, mama mmoja ambaye wazazi wake walihama kutoka upande wa Nyeri wakaja kulima Trans-Nzoia kabla hajazaliwa. Mama huyu anafuga ng'ombe wa maziwa, na ana maoni juu ya kila kitu kinachoonekana kupitia ule ua.

"Mwandishi! Mpira yenu imeingia kwa maji ya ng'ombe tena!"

"Pole sana, mama."

"Usiniambie mimi pole, ambia ng'ombe. Amekataa kunywa. Anafikiria ni chura."

Nilifundisha kwa njia niliyoijua, njia ya maneno. "Mkono wako uwe kama mto," nilimwambia mpwa wangu jioni moja, nikiwa nimefumba macho ili niuone huo mto vizuri. "Usikatike popote. Uteremke tu, wenyewe."

"Mto gani, khocha? Nzoia ama hii yenu ya kuoshea pikipiki?"

"Nzoia."

"Lakini Nzoia ikifika Webuye inaanguka."

"Basi na wewe ikifika pajani, angusha!"

Alicheka hadi akakaa chini. Lakini aliposimama akazungusha mkono, kitu kilikuwa kimelegea begani mwake, na kwa mara ya kwanza mpira ulikuja kwangu. Ulikuja polepole, ukapita kando yangu, lakini ulikuja. Nilishangilia kiasi cha jirani kuuliza kama nimepata kazi.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mzunguko ulikuwa mzuri. Hatua ya mguu ilikuwa nzuri. Lakini kila mpira alionirushia ulikuja taratibu, kama mtu anayempelekea mzee chai, na ukapita upande wa kushoto, umbali wa mkono mmoja, pale pale kila mara. Nikasogea kushoto. Mpira ukasogea nao.

Nililaumu kiuno chake. Nililaumu viatu. Nilitazama video kwenye simu, nikizipunguza kasi hadi warushaji wa nchi za mbali wakaonekana kama wanaogelea ndani ya asali, nikachora mistari ya chokaa kwenye nyasi ili ajue pa kukanyaga. Yeye alifuata kila nililosema, kwa adabu kubwa, na mpira ukaendelea kunipita kwa adabu hiyo hiyo. Likizo ilikuwa inayeyuka. Usoni mwake nilianza kuuona ule uwanja wa nyuma.

Jioni moja nilikumbuka nimeacha maziwa motoni, nikakimbia ndani. Nikiwa naokoa kilichobaki nilisikia kishindo nje. Kikafuata kingine. Nilichungulia dirishani. Mpwa wangu alikuwa ameligeukia godoro kuukuu nililokuwa nimeliegemeza kwenye ukuta wa bafu la nje, na alikuwa analitandika. Mkono ulizunguka mpaka sikuweza kuuona, nguo ikachapa hewa, na mpira ukalipiga godoro katikati, vumbi likatoka kama moshi. Aliuokota, akarudi, akalipiga tena pale pale. Nilisimama na sufuria mkononi, maziwa yakinidondokea mguuni, nikajua kwamba feni aliiweza zamani.

Nilitoka nikachuchumaa mbele ya godoro, nikainua glovu. "Rusha hiyo hiyo."

Akarusha. Chai ya mzee. Kushoto.

"Mwiwa," nikamwita, kwa jina ambalo mjomba humwitia mtoto wa dada yake anapotaka ukweli, "godoro limekufanyia nini ambacho mimi sijakufanyia?"

Alitazama viatu vyake. "Godoro si khocha."

"Nini?"

"Mama alisema nikikugonga na mpira nisirudi Sirisia. Alisema hata kama ni bahati mbaya, mkono utanikauka."

Inafaa nieleze kwamba kwetu mjomba si mtu wa kuchezewa. Kwenye shughuli kubwa za watoto wa dada yake yeye hupewa heshima ya kwanza, na kinyongo chake kinasemekana huingia mifupani. Kumpiga, kwa fimbo au kwa mpira, ni jambo la kuitiwa kikao cha ukoo. Haya yote niliyajua tangu utotoni. Nilichokuwa sijawahi kufikiria, kwa kuwa nina umri mdogo na hukaa nimevaa kaptula, ni kwamba mjomba mwenyewe ni mimi.

Nikamwambia mimi ni mtu wa kisasa, nimemsamehe mapema mipira yote, iliyonipata na itakayonipata. Hakuridhika. Nikampigia simu dada yangu, nikaweka spika ili asikie mwenyewe.

"Mwambie mtoto ana ruhusa ya kunigonga."

"Ati ruhusa?" dada akasema. "Nani amewahi kusikia khocha akitoa ruhusa ya kugongwa? Wewe hivyo vitabu vinakuharibu bana."

"Dada, ni mchezo tu."

"Mkono ya huyo mtoto ikikauka, utanipea yako?"

Akakata. Mpwa wangu akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyekuwa nafukuzwa timuni.

Sauti ikaja kupitia michongoma. "Shida ni ati wewe ni mjomba wake?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi?"

"Wewe... wewe si mtu wetu kabisa."

"Sasa si mnitumie!"

Aliingia kwa lango akiwa amevaa gambuti, helmeti ya pikipiki ya mwanawe kichwani, na kistuli chake cha kukamulia ng'ombe mkononi. Akakiweka mbele ya godoro, akakaa, akaniambia nimvalishe glovu. Nilianza kumweleza namna ya kuutazama mpira. Akaniambia yeye amekwepa mateke ya ng'ombe tangu akiwa msichana, nihame hapo.

"Wee kairitu, msichana wewe, lete!"

Mpwa wangu alisita. Kisha akarusha, si kwa nguvu zote, na mpira ukaenda moja kwa moja. Mama aliudaka kifuani, glovu na tumbo vikisaidiana.

"Hiyo ni ya mtoto. Nilikuja na helmeti bure? Lete ya ukweli!"

Ikaja ya ukweli. Mama, kistuli na glovu vilikwenda kinyumenyume vikaishia kwenye godoro. Nilikimbia kumwinua, nikamkuta anacheka ndani ya helmeti. "Tena!" akasema. Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kukamua, wale wawili walirushiana hadi giza, na mimi nilibaki wa kuokota mipira. Sitadanganya kwamba sikuona wivu. Nilikuwa na sentensi nzuri sana kuhusu mabega, na hakuna aliyezihitaji.

Siku ya majaribio nilimsindikiza Bungoma. Timu yao ilikwisha kufika uwanjani, wasichana wakiwa wamejipanga kando ya mstari na soksi zao ndefu. Mwalimu wa michezo alikuwa mwanamke mfupi mwenye filimbi na haraka. Mdakaji wao alikuwa ameumia kidole, kimefungwa bendeji kubwa kama hindi.

"Wewe ndiye mjomba uliyemfundisha?" mwalimu akaniuliza. "Nasikia ulikuwa mdakaji. Basi dakia."

Nilimtazama mpwa wangu. Nilifungua kinywa kueleza, lakini glovu ilikuwa tayari mkononi mwangu na filimbi imelia.

Kwanza alirusha mwenzake, msichana wa kidato cha pili mwenye feni ya wastani lakini isiyo na woga. Mipira yake ilinipiga glovu ikaniwasha. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaja wangu. Akazungusha mkono vizuri kabisa, na mpira ukaja kushoto, taratibu, ukabiringika hadi kwenye nyasi.

"Hiyo ni nini?" mwalimu akauliza. "Likizo yote, ni hiyo?"

Akarusha tena. Ilikuwa ile ile. Mwalimu aligeuka kumtazama yule wa kidato cha pili, na mimi nikasimama.

"Mwalimu, hawezi kunirushia. Mimi ni khocha yake. Kaka ya mama yake hasa, tumbo moja."

Wasichana wote wakapiga kelele kwa pamoja, "Ai! Mwalimu, hapana! Khocha yake!"

Mwalimu alijishika kichwa. Kumbe naye alikuwa mtoto wa Bokoli, Mbukusu kama sisi. "Na umechuchumaa hapo kufanya nini? Unataka mtoto apate shida? Toka! Leta hiyo glovu!" Akaninyang'anya, akaning'ata kwa macho, akachuchumaa mwenyewe. "Anza upya. Na wewe mzee, simama mbali."

Nilisimama mbali, kando ya ua wa waya wa uwanja, mahali nilipodhani ni mbali.

Mpira wa kwanza ulimfanya mwalimu ateme filimbi. Wa pili ulimkalisha chini. Wasichana wakaanza kuimba. Mpwa wangu alikuwa amebadilika, akawa mrefu, na nilikuwa natafuta neno la kueleza mkono ule ulivyozunguka dhidi ya anga la Bungoma, wakati mpira wa tatu ulipoponyoka, ukaacha njia, ukanipata pajani.

Nimewahi kuumwa na nyuki wengi kwa pamoja. Hii ilikuwa kama wale nyuki wamevaa viatu.

Wimbo ulikatika. Mpwa wangu alisimama mkono ukiwa bado hewani, akiutazama kama anangoja ukauke. Mwalimu alikuwa hajatoa uamuzi, na bado kulikuwa na mipira ya kurushwa. Nilijua kwamba nikijishika paja, mtoto huyu hatarusha tena, si leo tu.

"Khocha," akaita kwa sauti ndogo. "Imekugonga?"

"Nini?"

"Mpira."

"Mpira gani? Umegonga waya."

Aliwageukia wenzake. Msichana mwenye kidole cha bendeji, Mungu ambariki, akasema, "Waya. Niliona." Mwingine akasema, "Si umesikia ikilia ngwaa?" Mwalimu, aliyeona kila kitu kutoka pale chini, alifuta vumbi usoni na kuniangalia muda mrefu.

"Ni waya," akasema. "Rusha."

Akarusha. Ulikwenda mahali pake, na uliofuata, na uliofuata. Mwalimu alivua glovu, akaupulizia mkono wake, akamwambia yule wa kidato cha pili ajiandae kumpokea mwenzake akichoka. Wenzake walimbeba mpwa wangu hadi kwenye bomba la maji, wakammwagia.

Jioni nilimwomba mwalimu amruhusu mpwa wangu anisindikize hadi stejini nipande gari la Kitale. Paja lilikuwa limevimba likakaza suruali. Nilitembea kwa heshima zote nilizoweza kukusanya, nikisimama kutazama madirisha ya maduka ya mitumba, vibanda vya simu, na fundi wa baiskeli aliyekuwa anaziba tairi. Mpwa wangu alitembea kando yangu, nywele zimelowa. Alikuwa amenipokea mkoba bila kuombwa.

"Khocha, leo unatembea polepole."

"Naangalia mji," nikamwambia.

Akaniangalia, akaangalia mbele, akapunguza hatua zake zikalingana na zangu.