Kikuza Sauti cha Babu Jeronimo

Somoe, jirani yangu, alinikuta naanua nepi. "Mama Saida, yule mzee kafungia watu kwenye sanduku! Nimewasikia kwa masikio yangu. Wanagombana kwa kunong'ona."

Mzee mwenyewe ni Babu Jeronimo, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakahamia hapa Ziwani. Nikambeba mwanangu mgongoni, nikaenda kuwaona hao watu. Nilikuta mashine ya santuri inazunguka, na mzee kainama mpaka sikio linakaribia kugusa sindano. Sauti ilikuwa ya mbu. Akaiunganisha na sabufa yake. Mbu akabaki mbu.

"Mana Joana anakuja Jumamosi," akaniambia. Mana ndiyo dada, kwa lugha ya kwao. Zile santuri kumi na moja aliziacha baba yao, na wamezigombania tangu mazishi. Sasa wamekubaliana: zikiimba, zinabaki Ziwani. Zisipoimba, Joana anavuka nazo kurudi kwake Msumbiji.

"Na yule akibeba, habakishi hata ganda," mzee akaongeza.

Alhamisi nilikuwa nampeleka Saida kliniki mjini Mtwara, tukaongozana na mzee mpaka kwa fundi Sudi. Sudi akatueleza taratibu kwamba sauti ya sindano ni changa mno, sabufa haiwezi kuipokea hivyo hivyo. Sharti ipite kwanza kwenye kiboksi, kikuza sauti. Alikuwa navyo vitatu. Kimoja kipya, bei ya mbuzi wawili. Mzee alikitazama kama mke wa mwenzake, akageuza uso haraka. Viwili vilikuwa vimetumika, bei moja.

Babu Jeronimo kakagua korosho kwenye ghala la ushirika miaka thelathini. Korosho kavu ukiitikisa inalia. Mbichi inanyamaza. Basi akakiweka kiboksi cha kwanza sikioni, akatikisa. Kimya.

"Hiki kibichi."

"Mzee wangu, hivi havitikiswi."

"Kijana, mimi nimerudisha magunia ya wakubwa, seuze wewe." Akatikisa cha pili. Kikalia kocho, kocho. Uso ukamchangamka. "Umesikia? Kimekauka hiki. Daraja la kwanza!"

"Basi nikiunganishe na spika usikilize."

"Nimeshasikiliza."

Sudi akanitazama mimi, nisaidie. Mimi nikamtazama Saida, ambaye alikuwa anajaribu kukila kile kibichi.

"Kikitoka hapa hakirudi," Sudi akasema.

"Korosho nzuri nani anarudisha?"

Ijumaa asubuhi, nikiwa jikoni kwangu, nilisikia nyuki. Nikatoka mbio kumfunika mtoto. Hakuna nyuki. Ni kwa mzee. Muziki ulikuwepo kweli, magitaa na sauti tamu ya mwanamke, lakini juu yake mmmmmm, kama mzinga uliopigwa fimbo. Babu alikuwa amekaa chini, kashika kichwa.

"Atazibeba," akasema. "Atazibeba zote."

Tukampigia simu Sudi, akatuambia tufungue kifuniko. Ndani mkadondoka parafujo ndogo, imeng'oka na kitako chake cha plastiki. Kumbe ndiyo iliyokuwa inalia dukani! Sudi akasema ndiyo inayobana ule waya mwembamba unaotoka kwenye mashine, na usipobanwa ndio huo muungurumo.

"Sasa naona," mzee akasema. "Kilikauka kupita kiasi."

Tukaufunga waya kwa mpira wa baiskeli, ukachomoka. Tukabandika plasta ya Saida, ikaachia. Mwisho nikaukandamiza tu kwa kidole kwenye bati la kiboksi. Nyuki wote wakanyamaza! Yule mwanamke akabaki anaimba peke yake, kama yuko hapo mlangoni. Nikainua kidole, nyuki hao. Nikarudisha, kimya.

Babu Jeronimo akajaribu kwa kidole chake, ikawa vilevile. Nikamwambia basi hakuna shida, kesho utashika mwenyewe.

"Nishike vipi? Mana Joana hasikilizi muziki akiwa amekaa. Atanivuta tucheze, na nikikataa atajua." Akautazama mlango wa chumbani, akalitazama pazia lake, kisha akanitazama mimi na sauti ikashuka. "Mjukuu wangu, kesho njoo mapema. Nitakuwekea kigoda nyuma ya pazia, ukae unashika hapa. Na huyu Saida mnyonyeshe ashibe kabisa. Santuri ziko kumi na moja, na kila moja ina pande mbili."