Besi Husikika kwa Miguu

Siku ya kwanza nilikwenda kwenye bendi moja ya dansi, Kinondoni, kwa nia ya kuimba. Nilishona gauni, nikajifukiza udi, na sauti nilikuwa nayo. Mitaa yetu ya Temeke ilinijua kwa harusi za shangazi zangu. Kiongozi wa bendi, mzee wa Tabora mwenye maneno machache, aliitikia shikamoo yangu, akasikiliza ubeti mmoja tu, akanyanyua mkono.

"Sauti nzuri, mwanangu. Lakini waimbaji wamenijaa mpaka mlangoni. Mie nimepungukiwa mpiga besi."

"Mzee, gitaa sijawahi hata kulishika."

"Hata mie nilizaliwa sijalishika. Kaa hapo."

Nikakaa na gauni langu la uimbaji, nikapakatishwa gitaa zito kama mtoto aliyelala. Kwa msiojua: gitaa la besi lina nyuzi nne nene, nalo halipambi wimbo. Gitaa la solo ndilo hupamba, la ridhimu hujaza katikati, la besi hushika chini, bega kwa bega na ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu.

Mazoezini Kiongozi alinifokea, "Zuhura, badili kodi!" Nikamjibu kwa adabu kwamba nakaa kwa baba, silipi kodi. Mpiga tumba alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Ndipo nikaelezwa kuwa kodi ya wanamuziki ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na besi hutangulia kuonyesha ipi inafuata ili wenzake wasipotee.

Nadharia ya muziki alinifundisha bila ubao. "Do ni nyumbani," alisema. "So ni sokoni. Sokoni utazunguka utakavyo, lakini lazima urudi nyumbani. Ukilala sokoni, wimbo haujaisha." Baadaye nilikutana na waliosomea mambo hayo chuoni, wakaniambia mzee wangu alikuwa sahihi kabisa, ila wao walipewa mtihani.

Lingine alilopenda kusema ni hili: "Watu wakirudi kwenye viti, usimtazame mwimbaji. Tazama vidole vyako." Basi kila wimbo ulipofika kwenye chemko, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanakimbia, mie nilitazama miguu ya watu. Ilikuwa raha isiyosemeka.

Kiongozi alipozidi kuzeeka akarudi kwao, bendi ikatawanyika, nami nikajiunga na kikundi cha taarab karibu na nyumbani, Temeke. Mkurugenzi wetu alikuwa mwanamke mwepesi wa kuona mbele, mpenzi wa vyombo vipya. Siku moja alirudi kutoka Kariakoo na kinanda cha umeme, akakifungua mbele yetu kama anafungua sanduku la bi harusi.

"Humu mna ngoma, mna fidla, mna filimbi," alisema. Kisha akanitazama. "Na besi mna. Usinielewe vibaya, Bi Zuhura. Kumbi zenyewe siku hizi ndogo, tubebe vitu vichache. Wewe utakaa kwenye kiitikio."

Nilichokitaka siku ya kwanza nikawa nimekipata, na sikukifurahia hata kidogo. Kinanda chenyewe sikukichukia. Kilikuwa na kitufe kimoja cha kupandisha au kushusha wimbo mzima, kazi niliyojifunza kwa malengelenge ya vidole. Nilikibonyeza mara nyingi nikicheka peke yangu. Lakini nyumbani gitaa lilikaa kabatini, na moyo wangu ulikaa nalo humo.

Ikaja familia moja ya Kawe kutuagiza kwa harusi. Bi harusi, Rehema, alifika mazoezini na dada yake. Rehema ni kiziwi tangu utotoni. Dada yake alimsemea.

"Mdogo wangu anataka kucheza. Siyo kukaa apambwe atazamwe. Acheze."

"Ataangalia wenzake, afuatishe," Mkurugenzi alisema kwa upole.

Dada akatafsiri kwa lugha ya alama. Rehema akatikisa kichwa, mikono ikaenda mbio.

"Anasema kufuatisha amechoka. Harusi za watu wote amecheza nyuma ya wengine. Kwenye yake anataka afuatwe yeye."

Mkurugenzi akapiga kinanda kidogo. Rehema akaenda kuweka kiganja kwenye vispika vyetu vidogo vilivyosimama juu ya vyuma. Akakitoa. Hakuna kitu.

Nikasimama. "Mkurugenzi, niruhusu nilete gitaa langu, na lile spika kubwa la besi lililoko stoo."

"Zito lile! Kawe litafikaje?"

"Nitalibeba hata kichwani."

Sauti nyembamba hupita hewani ikaishia masikioni. Sauti nene hutikisa vioo, mbao, mifupa. Nilijua, maana kwa miaka yote ile besi nilikuwa naisikia kifuani kabla ya masikioni. Mkurugenzi akakubali, nikakimbilia gitaa nyumbani, na fundi mitambo, yaani mtu wa spika na nyaya, akalilaza spika kifudifudi juu ya jukwaa la mbao. Rehema akavua viatu, akapanda. Nikapiga do, taratibu.

Alitazama miguu yake kama mtu aliyekanyaga maji bila kutarajia. Halafu akainua uso, mabega yakaanza, kiuno kikafuata, sawasawa na uzi wangu. Kwa furaha nikakosea noti moja. Akageuka papo hapo akanikazia macho! Tukaangua kicheko wote, yeye wa kwanza.

Alasiri ya harusi, Kawe, spika lilifika kwa pikapiki ya magurudumu matatu. Rehema alicheza mbele, shangazi zake nyuma wakimfuatisha yeye, na kila alipobadili hatua nao walihangaika kubadili. Mama yake alisimama chini ya jukwaa ameuma ncha ya khanga. Rehema akamvuta mkono, akampandisha, wakacheza uso kwa uso.

Mkurugenzi alininong'oneza kutoka kwenye kinanda, "Hilo spika lisirudi tena stoo." Tangu siku hiyo kinanda na besi vilipigwa pamoja.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza chombo gani bora, cha zamani au cha kompyuta. Huwajibu kwamba chombo hakijui kitu mpaka umtazame unayempigia.

Kikundi kiliniaga kwa onesho la mchana, hapa hapa Temeke. Nilikuwa nimeketi na mashoga zangu, binti aliyerithi nafasi yangu yuko jukwaani, na besi ikaingia. Mkurugenzi akasema kwenye maiki, "Bi Zuhura, unasubiri nini?" Ndipo nikagundua: maisha yangu yote nimewachezesha watu, nami mwenyewe sijawahi kucheza, kwa kuwa mikono ilikuwa kazini. Nikakaza kitenge kiunoni, nikaingia katikati. Walinitoa ukumbini kwa kunibembeleza.