Chokaa ya Krismasi

Mjukuu wangu anapaka wanajeshi wake wadogo wa plastiki, na ananiuliza rangi ya kutangulia iwe ya kijivu ama nyeupe. Ile harufu ya rangi ikanirudisha kwa chokaa ya mama.

Nikiwa mtoto, ng'ombe zangu za udongo zilikuwa zinakataa rangi. "Tanguliza nyeupe, ndio ishike," mama akaniambia, akanipa ile chokaa ya kupaka nyumba Krismasi. Nikapaka zizi zima la ng'ombe hizo mpaka ndoo ikakauka.

Sikukuu shangazi akafika, akatazama ukuta. "Ati nusu tu? Wewe, mke wa ndugu yangu, ni mvivu kweli!"

Wageni wakacheka. Mama naye akacheka. "Mkono ulichoka, wifi."

Mimi nilikuwa hapo mlangoni, nimekumbatia ng'ombe zangu maridadi.