Santuri Kwenye Kiti cha Nyuma

Shule niliiacha darasa la sita, lakini karatasi yenye maandishi siwezi kuipita bila kutaka kujua inasema nini. Hilo ndilo lililoniponza.

Ilikuwa Agosti, mwaka wangu wa pili wa kuendesha gari la familia moja hapa Doha. Kabla ya hapo nilikuwa kuli, mpishi, fundi rangi, mlinzi, sikudumu popote. Bibi wa nyumba ile, ambaye sote tulimwita Mama, alisoma Uingereza ujanani pamoja na dada yake. Walirudi na santuri moja ya huko: fidla moja mbele, okestra ya nyuzi nyuma yake. Sasa dada mtu alikuwa ametoka hospitali, yuko kitandani kwake Al Wakrah, na ombi lake lilikuwa moja tu: waisikilize tena pamoja. Mama akapelekwa na mwanawe, akaisahau santuri. Akanipigia simu niichukue nyumbani, Al Thumama, nimpelekee upesi.

Nyuma ya jalada kulikuwa na Kiingereza cha herufi ndogondogo kama mchwa. Nikapita kwanza Al Sadd, kwa mwenzangu wa Tanga anayepiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, maana yeye anakisoma. Nilichukua jalada tu. Santuri yenyewe niliiacha kwenye kiti cha nyuma, nikihofia maji ya kufulia.

Akanisomea polepole. Mwishoni, akasema, wapigaji wengine wananyamaza, fidla inabaki peke yake.

"Kama kwenye taarabu, wenzako wote wameenda kula pilau," akaongeza. Tukacheka.

Niliporudi garini, jua lilikuwa limehamia kiti cha nyuma. Ukingo wa santuri ulikuwa umejikunja. Nikarudi nayo ndani mbio.

"Wallahi umeoka chapati," akasema mwenzangu. "Tuipige pasi?"

"Usiiguse!"

Tukailaza kwenye meza ya kukunjia mashuka, kwenye baridi ya kiyoyozi, tukaikandamiza kwa mashuka mazito. Simu ikalia.

"Uko wapi wewe? Dada yangu ameketi anasubiri. Yalla!"

"Niko njiani, Mama."

Tulipofunua, katikati ilikuwa sawa, lakini ukingo bado ulipanda na kushuka.

"Sema ulipewa hivyohivyo," mwenzangu akanishauri. "Ukisema kweli, bwana wee, kesho uko uwanja wa ndege na begi lako."

Njia nzima hadi Al Wakrah niliukariri uongo ule kwa Kiarabu, mpaka ukanikaa vizuri. Lakini nilipoingia chumbani nilimkuta dada mtu ameegemea mito, amenyoosha mikono yote miwili kuipokea.

"Niliiacha juani, Mama," nikasema. "Ni mimi."

Hakufoka. Heri angefoka.

"Funguo weka mezani."

Nikaziweka. Akaiweka santuri kwenye mashine. Sindano ikapanda mawimbi, ikaruka, ikakwaruza. Akarudia. Ikaruka tena. Dada mtu akafumba macho.

Mama akainyanyua sindano, akaishusha ndani zaidi, karibu na katikati. Nyuzi zikasikika, zikapungua, zikaisha. Ikabaki fidla. Mimi fidla naijua ya taarabu, inayomjibu mwimbaji. Hii haikuwa na wa kumjibu, na bado iliendelea.

Ilipokwisha, dada mtu akauliza, "Na mwanzo?"

Mama akauimba puani. Alikosea, nadhani, maana mgonjwa alimtikisia kidole, akauimba wake. Wakabishana kama wasichana wa bweni, mwanzo ule ule, tena na tena.

Mimi nimesimama mlangoni, macho kwenye zile funguo, mpaka adhana ya Magharibi. Mama akasali, akavaa abaya lake, akanitazama.

"Mwanangu ameshaondoka. Nani atanirudisha nyumbani? Chukua funguo. Yalla."

Santuri aliipakata mwenyewe hadi Al Thumama.