Jina Lisilo na Marehemu

Mwaka aliozaliwa mtoto wangu wa kwanza, mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo hakuna kitu kingeweza kunishangaza. Nilikuwa nimemwona fahali akisafiri kwa gari la moshi na mtumishi wake pembeni, na huyo mtumishi alikuwa mimi. Nilikuwa nimemwona mzungu akimlilia mbwa. Nililala njaa Gilgil, na baada ya miaka sita nikawa na hoteli yangu mwenyewe Nakuru, mabati mapya, meza nne, chai na mandazi. Askari waliokuja kukagua vipande, vile vitambulisho vya serikali tulivyolazimishwa kutembea navyo, walikuwa wanakunywa kwanza ndipo wanauliza. Mtu kama huyo utamshangaza na nini?

Shule nilisoma mwaka mmoja na nusu. Herufi nilijifunza zizini. Mzungu niliyemkamulia alikuwa na ng'ombe wa daraja, wale wa mbegu ya kizungu, na kila mmoja alikuwa na ubao wake juu ya kichwa, jina limeandikwa kwa rangi nyeusi. Nikawa nasoma huku nakamua. Majina yale hayakuwa kama ya katekista wetu, ambaye alikuwa na majina kumi na mawili tu ya wanaume, akayagawa kama chumvi, mpaka ukiita moja sokoni wanageuka vijana wanane. Majina ya zizini yalikuwa na herufi ambazo hakuna mtoto mweusi Nakuru nzima aliyekuwa nazo. Niliyanakili katika daftari. Kulikuwa na moja la mtamba, lenye Y mahali ambapo kila mtu huweka I. Lingine lilikuwa na herufi mbili mwishoni ambazo hazisomwi kabisa, zimekaa tu pale kama wageni wa heshima. Lakini nililolipenda kupita yote lilikuwa la fahali yule wa gari la moshi: herufi saba, X katikati, na T mbili zimesimama mwishoni kama miimo ya mlango. Alipata utepe kwenye maonyesho. Hilo ndilo nililomwekea mwanangu, na sioni aibu. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko mali ya kila mtu aliyenicheka.

Walisema ni majivuno. Majivuno ninayo, na nimeyatolea jasho mwenyewe. Lakini sababu ilikuwa baba yangu.

Sisi Wakipsigis mtoto hatungiwi jina, anarudi nalo. Akizaliwa, wanawake wazee hukaa naye ndani, humtia ugoro kidogo puani, wakaita majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Jina likitajwa akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Na kati ya marehemu wetu alikuwapo baba yangu, aliyekuwa na miaka miwili kaburini. Huyo alichukua ng'ombe wa mahari ya dada yangu, ng'ombe ambao mimi ningeoa nao, akajiongezea mke wa tatu. Nilipouliza, akanifukuza kwa fimbo mbele ya wadogo zangu. "Wewe huna zizi hapa," alisema. Alipokufa, habari zilinikuta naosha vikombe. Nikamaliza kuosha. Sikwenda kumzika.

Kwa hiyo nilitaka mwanangu awe na jina ambalo hakuna marehemu aliyewahi kulivaa. Mkunga alipotoka akasema ni mvulana, nilimwita mchoraji siku hiyo hiyo. Akaandika ubao mrefu juu ya mlango: HOTELI YA BABA, kisha zile herufi saba, nyekundu, na X nikamwambia aifanye kubwa kuliko wenzake.

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa ameshafika kutoka nyumbani pamoja na wanawake wazee wenzake wawili kwa ajili ya kazi ya jina. Mwanamke mwembamba mwenye mdomo kama kisu. Nilimpa blanketi na ratili nne za sukari.

"Shangazi, ukiingia, ita jina hili peke yake."

Akalirudia mdomoni kama mtu aliyeuma kokoto. "Huyu ni nani?"

"Ni jina."

"Najua ni jina. Nauliza alikaa kwenye moto wa nani. Nani alimzika?"

"Hakuzikwa."

"Basi yu hai. Yuko wapi?"

"Yuko shamba, huko Gilgil. Anakula majani."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akalikunja blanketi vizuri, akaliweka kwapani. "Unataka mwanao arudi kutoka kwa ng'ombe wa mzungu. Haya. Blanketi ni zito, nitaita."

Mwanamume haruhusiwi kuingia humo. Nilisimama nyuma ya nyumba, sikio kwenye ubao wa ukuta. Wakaita jina nililolichagua mara nne. Mtoto akalia. Wakaita tena. Akanyamaza, lakini chafya hakupiga. Na tangu hapo akakataa titi.

Siku ya kwanza nilisema ni gesi. Siku ya pili sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, kama mlango unaofunguka mbali. Wateja walikunywa chai wakitazama chini. Jioni mke wangu alisema nami kupitia ukuta, bila kupaza sauti.

"Baba wa mtoto, uko hapo?"

"Niko."

"Huyu akifa kwa ajili ya jina la fahali, mimi nitarudi kwetu. Nitakuachia ubao wako, ulale nao."

Shangazi akadakia: "Tunajua unamwogopa nani. Na yeye anajua. Amekaa mlangoni siku mbili, wewe umemsimamishia ng'ombe."

"Alinifukuza, Shangazi. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na alipokufa nilikuwepo pia. Wewe ulikuwa wapi?"

Mtoto hata kulia alikuwa ameacha. Nimepigana na watu wengi katika maisha yangu, na wote niliwashinda au niliwakimbia. Pale sikuwa na pa kukimbilia.

"Waiteni wote," nikasema.

Wakaanza na babu wa babu. Wakaita mmoja, wakaita mwingine. Wakaita baba yangu. Chafya ile ilikuwa kubwa kuliko mtoto mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele, na kabla havijaisha nikasikia mtoto akinyonya, kwa pupa, kama mtu aliyekuwa akingoja chakula chake na kucheleweshewa.

Shangazi alipotoka nilimzuia njiani. Mimi si mjinga. "Ile mara ya kwanza ulimtia ugoro kweli?"

Akanitazama kwa jicho la baba yangu kabisa. "Ulilipia kuita. Chafya hukulipia."

Mpaka leo sijamsamehe, na sijui kama alinidanganya.

Kesho yake mchoraji alikwangua herufi zangu saba. Nilitaka paachwe patupu. Lakini kabla ya saa nne wanawake watatu walikuwa wameshaingia na nyuso za msiba kunipa pole, kwa maana jina la mtoto mchanga likifutwa ubaoni watu wanaelewa jambo moja tu. Ikabidi jina liandikwe, na jina lilikuwa moja. Likaandikwa juu ya mlango ambao baba yangu hakunisaidia hata msumari. Tangu siku hiyo Nakuru nzima, kuanzia polisi mpaka muuza makaa, wananiita Baba fulani, na huyo fulani ni yule yule aliyenitoa kwa fimbo. Nikimbeba mtoto ananishika kidole, hakiachi.

Ukijumlisha ubao, blanketi, sukari, kukwangua na kuandika upya, kuwa baba wa baba yangu kulinigharimu shilingi hamsini na tatu na senti arobaini.