Maji ya Kwanza ya Kunde Pori

Siku yangu ya kwanza kupika machimboni, upande wa Kewanja, mwenye duara alinionyesha mafiga na sufuria moja kubwa. Duara ni shimo la dhahabu, na wachimbaji wake tuliwaita wanaapolo. Akasema, "Mama Robi, hawa wakishiba wanachimba. Wasiposhiba wanahama." Shule niliishia darasa la pili, lakini hilo nilielewa. Nilikuwa mjane, na watoto wanne walikula kwa kazi hiyo.

Dhahabu iliposikika upande wa Serengeti, tukahama wote. Huko ni kukavu. Mvua ikakataa, gari la maharage halikuja, nikaingia porini kuchuma kunde pori. Majani yake ni mboga, ukiyaanika yanavuka kiangazi. Punje zake ni ndogo, ngumu, chungu. Mama yangu alinifundisha hivi: loweka hadi kesho, chemsha, maji ya kwanza mwaga, tia mengine na magadi kidogo zilainike.

Mimi sikumwaga. Maji yalitoka mbali kwa punda, na mengi yaliishia kuosha dhahabu. Niliona kuyamwaga ni dhambi. Asubuhi duara zima limeshika tumbo.

Msimamizi wa duara akaja amejikunja. "Mama, umetulisha sumu. Funga mzigo wako."

"Mura, kijana wangu, mimi nami nimekula, na tumbo linaniuma kama lako. Kosa ni langu, nilibania maji. Kunde hazina kosa. Nipe ndoo mbili nizipike upya."

"Ndoo mbili za kumwaga? Hapa?"

"Moja ya kumwaga, moja ya kupikia. Ama uwalishe mawe."

Mwanaapolo mmoja akasema kutoka alipolala, "Mpe, mkuu. Mawe tumeshayachoka."

Akanipa. Niliyamwaga maji ya kwanza mbele yake, polepole, ayaone. Zilipoiva nikazitwanga kwa chumvi na samli. Kwetu mpishi ndiye huanza kula, walaji wakimtazama. Nikala tonge, nikakaa. Wakasubiri nianguke. Sikuanguka. Msimamizi akanawa mikono, na mzigo wangu haukufungwa.

Nilipika miaka mingi baada ya hapo. Sasa nipo kwangu Nyamwaga, magoti yamegoma. Mjukuu wangu akipika kunde pori hulalamika, "Bibi, mbona unanisimamia kama askari?"

Namsimamia mpaka nione maji ya kwanza yamegusa ardhi. Ndipo nakaa.