Mgeni wa Miaka Kumi na Mitatu

Kanisa letu la Tunduma lilikuwa kubwa kiasi kwamba Jumapili nyingine sikumwona mhubiri kabisa, nilisikia sauti yake tu kwenye spika. Zamani jengo lile lilikuwa ghala la mahindi. Mhubiri alisema kwa Kiswahili, mkalimani akafuata kwa Kibemba kwa ajili ya waliovuka mpaka kutoka Nakonde, halafu tukaambiwa: "Mgeukie jirani yako, mwambie Mungu anakupenda." Unamwambia mtu usiyemjua, naye anakwambia, mmemalizana. Nilipenda hilo kuliko wimbo wowote. Kupendwa na mtu asiyekuuliza umetoka wapi ni raha, na anayebisha hajawahi kuulizwa.

Mimi nilikuwa nimekimbia maswali. Nyumbani, katika kijiji chetu cha Ruanda, kanisa lilikuwa na mabenchi kumi na mawili, na kila mtu alikuwa na benchi lake. Nilipopata mimba bila ndoa nilitengwa. Nilihamishiwa benchi la nyuma, na Meza ya Bwana ikawa si yangu mpaka nisimame mbele ya watu niungame. Mwanamume mwenyewe alikuwa palepale mbele, akiimba besi kwenye kwaya, na hakuna aliyemsogeza hata hatua moja. Nikakataa kuungama. Mtoto alipoacha kunyonya nilimwachia mama, nikaenda Tunduma kuuza mchele.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mgeni wa kanisa lile miaka kumi na mitatu na sikupewa hata mpini. Siwalaumu sana. Kila Jumapili walitangaza tujiunge na vikundi vya nyumbani, na kila Jumapili nilitazama viatu vyangu. Kwenye kikundi watu hukaa sebuleni wakanywa chai, na chai ikiisha maswali huanza.

Mwaka huo wa kumi na tatu mama alikuja kukaa nami ili awe karibu na hospitali. Miguu ilikuwa imevimba na pumzi inamkatika. Binti yangu alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Jumapili ya kwanza mama alivaa kitenge kipya, akakaa katikati ya umati ule, na tulipotoka akaniuliza, "Mchungaji amejua kwamba nimefika?"

Nilicheka. Sijajisamehe kicheko kile mpaka leo.

Miezi michache baadaye alishindwa kutoka kitandani. Hakuomba uji wala dawa. Aliomba aletewe Meza ya Bwana kabla hajafa. Kijijini hilo halikuwa jambo la kuomba. Mgonjwa akikosekana kwenye benchi lake Jumapili, Jumatatu mchungaji yuko mlangoni na kichupa cha divai.

Nilikwenda ofisi ya kanisa. Dada wa pale alikuwa mpole, akanipa kiti.

"Mama yuko kikundi gani cha nyumbani?"

"Hana kikundi."

"Na wewe, dada?"

"Mimi pia sina."

Aliandika jina la mama kwenye orodha ya wagonjwa, akanipa pole. Tangu siku hiyo mama aliniambia kila mchana nitandike shuka jeupe na kuweka kitambaa safi juu ya kigoda. Alifunga kilemba, akatazama mlango. Wiki tatu zilipita hivyo. Jumapili moja mhubiri aliinua orodha ile juu akawaombea wote walioandikwa humo, na umati ukaitikia amina hadi mabati yakatetemeka. Nami niliitikia kwa nguvu zangu zote. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama kwamba ameombewa na maelfu ya watu.

"Wangapi wanaijua nyumba?" akauliza.

Kesho yake nilimwomba jirani, mama mmoja muuza nyanya, amwangalie mgonjwa, nikapanda gari kwenda Ruanda. Mchungaji alikuwa yuleyule aliyenipeleka benchi la nyuma, sasa mzee, akianua kahawa yake kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nilipomweleza hakuuliza lolote. Alinawa mikono, akachukua mkoba wake.

"Kwenye benchi la mama yako hatujamkalisha mtu," alisema.

Tulifika Tunduma alasiri. Mama alipomwona alilia, kisha akacheka, kisha akaomba kilemba chake. Mchungaji alimpa mkate, akamshikia kikombe anywe. Akamgeukia jirani, akamuuliza anasali wapi, akampa naye. Nikakinga mikono. Sijui kwa nini nilikinga. Nilisahau, au niliona kwamba nimeshalipa vya kutosha.

Alifunika kikombe kwa kiganja chake. "Wewe bado hujarudi kundini, binti yangu."

Alisema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Miaka kumi na mitano, na alikumbuka. Mama alitazama ukuta. Alikuwa amepata alichokitaka na hakutaka kukiharibu, namwelewa. Lakini hasira iliyonipata ilinifanya nishindwe hata kumsindikiza mzee yule barabarani, na ndiye mtu pekee aliyekuja.

Mama alifariki siku ya nne. Watu wa Ruanda walikuja na lori la kubebea kahawa, wakamchukua wakiimba njia nzima. Kwenye ibada ya maziko nilikaa nyuma. Hakuna aliyeniambia nikae hapo. Miguu yenyewe ilikwenda.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Tunduma, ndani ya ghala letu. Sikuwa na pengine pa kwenda. Spika zikatuamuru tumgeukie jirani tumwambie, "Huu ni mwaka wako wa kucheka." Mwanamke wa kulia kwangu alinigeukia akiwa na tabasamu zuri. Hakuuliza kwa nini nimefunga kitambaa cheusi kichwani. Aliniambia mwaka huu ni wangu wa kucheka, nikamwambia asante, na kwa kuwa wa kushoto alikuwa ananisubiri, nikamgeukia nikamwambia vivyo hivyo.